Kiswahili hakibagui jinsia, wabaguzi ni wasemaji

Ipo hoja moja ambayo hurudiwa kila wapenzi wa Kiswahili wanapokusanyika, iwe ni katika kongamano la walimu au katika chama cha wanafunzi chuoni. Hoja yenyewe ni kwamba lugha yetu haimjui mume wala mke. Kwamba ilhali Mwingereza hawezi kumtaja nafsi ya tatu bila kwanza kuamua kama ni mwanamume au mwanamke, Mswahili husema "yeye" na mambo yakaisha. Kutokana na ukweli huo, baadhi ya wenzetu huruka hadi kwenye natija nyingine: kwamba utamaduni uliozaa lugha hii ulikuwa utamaduni wa usawa, na kwamba ubaguzi dhidi ya wanawake ni ugonjwa ulioletwa na meli.

Ningependa, ndugu msomaji, tuipime hoja hii kwa utulivu. Nusu yake ya kwanza ni kweli tupu. Nusu ya pili haishikiki. Na baina ya nusu hizo mbili pana jambo zito linalowahusu walimu na wanafunzi moja kwa moja, hususan wasichana wanaokatiziwa masomo yao.

Tuanze na iliyo kweli. Tukisema, "Daktari amefika na anamsubiri mgonjwa wake," msikilizaji hajui kama daktari ni mume au mke, wala hajui mgonjwa ni nani kati ya hao wawili, na sentensi haijapungukiwa na chochote. Kiambishi "a-" hakiulizi. Kiambishi "m-" hakiulizi. Hata ngeli ya A-WA, ambayo wanafunzi wengi hudhani ni ngeli ya watu, kigezo chake si jinsia bali ni uhai: mtoto analia, mbuzi analia, siafu anauma. Mkulima, mwalimu, mpishi, mbunge, jaji, rais na mwenyekiti yote ni maneno yanayomwenea yeyote.

Hali ni hiyo hiyo katika Kikamba, Kigiriama, Kitaita na lugha nyinginezo za Kibantu. Kijaluo, ambacho si cha jamii hiyo, nacho pia hakitofautishi viwakilishi vya kiume na vya kike. Lakini tusidhani kwamba lugha zote za Kenya ziko hivyo. Kimaasai hugawa nomino zake kwa viambishi vya kiume na vya kike, na mgawanyo huo hubeba ukubwa na udogo pamoja na jinsia. Kwa mfano, "olalem" ni upanga na "enkalem" ni kisu: mzizi ni mmoja, kikubwa kikawa cha kiume na kidogo kikawa cha kike. Kwa hiyo hakuna ukweli katika dai la kwamba Mwafrika, kwa kuwa ni Mwafrika tu, lugha yake haitambui jinsia.

Sasa tuje kwenye nusu ya pili. Je, lugha isiyobagua huzaa jamii isiyobagua? Lau ingekuwa hivyo, tungetarajia Kifini na Kiajemi viwe na matokeo mamoja, kwa sababu lugha zote mbili zina kiwakilishi kimoja tu cha nafsi ya tatu kwa mume na mke. Nchini Finland wanawake walipata haki ya kupiga kura na kugombea ubunge mwaka 1906, na mwaka uliofuata wanawake 19 wakaingia bungeni, wa kwanza ulimwenguni kuchaguliwa hivyo. Nchini Iran, kinyume chake, sheria humtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kupewa pasipoti. Viwakilishi ni vile vile, sheria ni mbingu na ardhi. Fauka ya hayo, New Zealand iliwapa wanawake kura mwaka 1893, na wananchi wake wengi walikuwa wakisema Kiingereza hicho hicho tunachokilaumu.

Kumbe basi sarufi ya viwakilishi haitoi usawa wala haiuzuii. Wala wahenga wetu hawastahili sifa kwa kiambishi "a-", kwa kuwa hawakukaa barazani wakakipigia kura. Walikirithi kama tulivyokirithi sisi.

Iweje basi lugha yenye viwakilishi safi namna hii iwe chombo cha kubagulia? Jibu ni kwamba ubaguzi uliokosa nafasi mlangoni hupitia dirishani. Nimeyachunguza madirisha hayo kwa muda mrefu, na leo nitayafungua matatu.

Dirisha la kwanza ni neno la nyongeza. Huwa nawapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza sentensi mbili fupi wazitafsiri kwa Kiingereza: "Rubani alimpigia simu mwenzake" na "Muuguzi alimpigia simu mwenzake." Wengi wao, wavulana kwa wasichana, humfanya rubani kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke, ilhali Kiswahili hakikuwaambia lolote. Tafsiri za tarakilishi nazo zimenaswa katika mtego huo huo. Ilipodhihirika kwamba mtambo wa Google ulikuwa ukitafsiri Kituruki, lugha isiyo na jinsia kama yetu, kwa namna ya kumfanya daktari mwanamume na muuguzi mwanamke, kampuni hiyo ilianza mwaka 2018 kuonyesha tafsiri zote mbili. Mashine haikubuni upendeleo huo. Iliukuta katika maandishi ya binadamu.

Maadamu picha iliyo vichwani ni ya mwanamume, mwanamke anapotokea hatuna budi kumwekea alama. Ndipo tunaposoma kuhusu "rubani wa kike," "dereva mwanamke" na "mhandisi wa kike." Ni nani aliyewahi kusoma gazetini kuhusu "gavana mwanamume"? Katika uchaguzi wa mwaka 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa kuwa gavana. Mwaka 2017 walichaguliwa 3, na mwaka 2022 wakawa 7. Kuwataja kama wanawake mwaka 2017 kulikuwa na sababu, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa jipya na habari ni upya. Vivyo hivyo, Martha Koome alipoapishwa kuwa Jaji Mkuu mwaka 2021, kusema kwamba ndiye mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho kulikuwa ni kuandika historia. Lakini alama inayoendelea kubandikwa baada ya upya kwisha si historia tena. Ni kumkumbusha mwenye kazi kwamba yumo ugenini.

Alama hiyo hugeuka upande pia. Mwanamume akiwa muuguzi, husemwa kuwa ni "muuguzi wa kiume." Na kazi ya kuuza sukumawiki barabarani imepewa jina lisilomwachia mwanamume nafasi: "mama mboga." Katika kampeni za mwaka 2022 jina hilo lilitajwa majukwaani usiku na mchana, likiandamana na la kijana wa bodaboda, kana kwamba mgawanyo wa kazi kwa jinsia ni maumbile na si mazoea.

Tazama pia tunavyotumia maneno "kiume" na "kike" yenyewe. Mtu aliyefikwa na shida huambiwa ajikaze kiume. Mwanamke shupavu husifiwa kuwa ni mwanamume, naye mvulana mwoga huchekwa kuwa ni mwanamke. Wazee wa pwani waliuita mkono wa kulia mkono wa kuume, na ule wa kushoto wakauita mkono wa kuke. Mkono wa kulia ndio unaolia chakula na kusalimia. Wa kushoto kazi zake tunazijua. Hapa sarufi haina hatia yoyote, bali msamiati umetoa hukumu.

Nami naomba mvulana asisahauliwe katika hukumu hiyo. Mtoto wa miaka kumi aliyefiwa na babaye, anayeambiwa mbele ya jeneza ajikaze kiume, amenyang'anywa haki ya kulia. Siku hizi pamezuka kilio kwamba mtoto wa kiume ametupwa kwa kuwa macho yote yako kwa msichana. Kilio hicho kisipuuzwe, lakini kisielekezwe pasipostahili. Aliyemfunga mvulana mdomo si msichana aliyepelekwa shule. Ni neno hilo hilo "kiume" ambalo humsifu kwa mkono mmoja na kumkaba kwa mkono wa pili.

Dirisha la pili ni kitenzi cha ndoa. Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuisahihisha sentensi kama hii: "Asha amemwoa Juma." Kalamu nyekundu hupita juu yake mara moja, na mwanafunzi huambiwa kwamba amekosea sarufi. Naomba tutazame upya. Kiima kipo, kiambishi cha nafsi kipo, cha wakati kipo, cha yambwa kipo, mzizi upo, na upatanisho wa kisarufi haukuvunjwa popote. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi hata chembe. Kilichovunjwa ni ada: jamii imeamua kwamba mwanamume ndiye mtenda na mwanamke ndiye mtendwa. Mume huoa, mke huolewa, na mzazi huoza.

Simwambii mwalimu aache kusahihisha. Mwanafunzi akienda mtihanini anahitaji kujua matumizi yaliyokubaliwa, na walio wengi nchini huoa na kuolewa kwa desturi na dini zao, nazo zinastahili heshima. Ninachomwomba ni kuwa mkweli kuhusu kile anachokisahihisha. Amwambie mwanafunzi, "Hapa hukukosea sarufi, umekwenda kinyume cha desturi, na desturi yenyewe ni hii." Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo amejifunza mambo mawili: isimu na jamii. Aliyeambiwa kwamba sarufi ndiyo iliyokataza ataamini kwamba utiifu wa mke umeandikwa katika mfumo wa lugha, nasi tutakuwa tumempa uongo kwa jina la elimu.

Isitoshe, lugha yetu ina njia nyingine. Ipo kauli ya kutendana: "Asha na Juma wameoana." Upo msemo "wamefunga ndoa," ambao humfanya kila mmoja mtenda. Njia hizi si za kizungu wala si za jana. Nazo zinalingana zaidi na Kifungu cha 45 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachosema kuwa wahusika wa ndoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa kuishi katika ndoa na wakati wa kuivunja. Katiba imewaweka wawili hao upande mmoja wa kitenzi. Sisi katika mazungumzo yetu bado tunamweka mmoja mbele na mwingine nyuma, hata tukimwona mwanamume anayeishi kwenye nyumba ya mkewe tunamkejeli kuwa "ameolewa." Kejeli hiyo ni ushahidi tosha. Kama kuolewa kungekuwa ni hali ya kawaida isiyo na cheo cha chini, kungekuwaje tusi kwa mwanamume?

Dirisha la tatu ndilo linalonikosesha usingizi, nalo ni kauli ya kutendwa pale inapotumiwa kumficha mtenda. Kiambishi "-w-" ni kitu chenye manufaa makubwa. "Daraja limejengwa" ni sentensi safi kama hatuna haja ya kumtaja fundi. Lakini hebu tusikilize yanayosemwa katika vyumba vya walimu, katika mabaraza ya machifu na hata katika taarifa za habari: "Msichana wa darasa la saba ametungwa mimba." "Wanafunzi kumi wamepachikwa mimba." "Mtoto ameharibiwa." "Binti ameozwa." Katika sentensi zote hizo tumemwona mtendwa, tumehesabu mimba, tumetaja darasa. Mtenda yuko wapi?

Kiswahili hakikutulazimisha kumsahau. Kina neno dogo "na" ambalo kazi yake katika kauli hii ni kumleta mtenda: ametungwa mimba na nani, ameozwa na nani? Sisi wasemaji ndio tuliozoea kuweka nukta kabla ya "na" hiyo. Na wakati mwingine hufanya vibaya zaidi, tukaiacha kauli ya kutendwa na kusema "msichana amepata mimba," kana kwamba mimba ni homa aliyoipata kwenye baridi. Hapo mtendwa amegeuzwa mtenda, na mtenda halisi ametoweka katika sentensi pasipo hata kuacha unyayo.

Matokeo yake si ya kiisimu tu. Tangu mwaka 1994 Kenya imekuwa na sera inayomruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwaka 2020 ulitolewa mwongozo wa kuitekeleza. Hata hivyo, katika jamii inayosimulia kisa kizima bila mwanamume, aibu yote humwangukia yule aliyebaki katika sentensi. Ndiye anayenyoshewa kidole kanisani na msikitini, ndiye anayehamishwa kupelekwa kwa shangazi, ndiye anayerudi darasani akiinamisha kichwa, kama atarudi. Mwanamume, ambaye Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamtambua kuwa mhalifu iwapo msichana hajatimiza miaka 18, huendelea kupita njia ile ile ya shule kila asubuhi. Hakuna aliyemtaja, na asiyetajwa hashtakiwi.

Vivyo hivyo kwa "ameozwa." Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kufunga ndoa. Anayemwoza mtoto wa miaka 14 ana jina, ana boma na ana ng'ombe aliopokea. Tukisema "baba yake amemwoza kwa jirani mwenye wake wawili," tumeandika ushahidi. Tukisema "ameozwa," tumeandika rambirambi.

Huenda msomaji akauliza: je, si haki kusitiri jina la mtu asiyehukumiwa? Ni haki, na gazeti lolote linalojiheshimu huzingatia hilo. Lakini kusitiri jina si sawa na kumfuta mtu. Waweza kusema "mwanamume mmoja," waweza kusema "mtu mzima ambaye anasakwa na polisi." Anayetakiwa katika sentensi ni mtenda, si lazima jina lake.

Tabia hii ya kulisoma neno lisilobagua kwa jicho linalobagua imefika hadi kwenye siasa. Vifungu vya 27 na 81 vya Katiba vinasema kuwa wasizidi thuluthi mbili wa jinsia moja katika mabaraza ya kuchaguliwa. Soma tena kwa makini: havikutaja mwanamke. Vimesema "jinsia moja," yoyote iwayo. Lau siku moja wanawake watajaa bungeni kupita kiasi, ni vifungu hivyo hivyo vitakavyowakinga wanaume. Lakini nenda sokoni uulize maana ya kanuni hiyo, utaambiwa ni "viti vya wanawake." Neno "jinsia," ambalo humhusu kila aliyezaliwa, limefinywa hadi likawa jina jingine la wanawake. Ukisema kuna mkutano kuhusu masuala ya jinsia, wanaume hujiondokea wakidhani hawakualikwa.

Ufinyu huo wa maana umekuwa na gharama. Bunge la Taifa lina wabunge 349, kwa hiyo kanuni ingetimizwa kama wa jinsia moja wasingepita 232. Mwaka 2013 wanawake waliochaguliwa katika maeneobunge 290 walikuwa 16, na mwaka 2017 wakawa 23. Hata ukiongeza wawakilishi 47 wa kaunti, hesabu haikukaribia 117. Mahakama ya Juu ilitoa ushauri mwezi Desemba 2012 kwamba sheria ya kutimiza kanuni hiyo ipatikane kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe hiyo ikapita. Mwezi Septemba 2020, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kuitunga sheria hiyo, na Bunge halikuvunjwa. Sidai kwamba msamiati peke yake ndio uliokwamisha mambo. Nasema tu kwamba ni rahisi zaidi kuahirisha "viti vya wanawake" kuliko kuahirisha Katiba.

Tukiwa bado kwenye neno "jinsia," kuna wananchi ambao hata mgawanyo wa mume na mke hauwatoshi. Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kuwahesabu watu waliozaliwa na maumbile yasiyoweza kuwekwa moja kwa moja upande wa kiume au wa kike, nao walipatikana 1,524 katika jumla ya watu 47,564,296. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imewataja watoto wa aina hiyo na kuwawekea ulinzi. Kiswahili kilikuwa tayari na neno lao, huntha, nalo limo katika kamusi. Na hapa ndipo kiambishi chetu "a-" kinapoonyesha uungwana wake: huntha anasoma, anacheka, anahitaji karo kama mwenzake. Lugha imemkaribisha bila kumuuliza swali. Kilichobaki ni sisi kumkaribisha darasani bila kumcheka.

Sasa nirudi kwa walimu, maana hao ndio ninaowategemea. Katika ufundishaji wa methali tuwazoeze wanafunzi kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, na kumhusu nani? Chukua "Mke ni nguo, mgomba kupalilia." Msemaji ni mwanamume, msikilizaji ni mwanamume, na mwanamke ni mada, amewekwa sambamba na mgomba shambani. Chukua nyingine, "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo." Hii haina jinsia yoyote, "u-" hiyo ni wewe yeyote unayelea. Lakini katika insha nyingi ninazozisoma, mtoto akipotoka methali hii hugeuzwa kuwa mashtaka dhidi ya mama. Baba yumo katika "u-" hiyo, nasi tumemruhusu atoke kimyakimya kama tulivyomruhusu yule mtenda wa awali.

Swali hilo la nani anasema lina manufaa pia tunapousoma Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika visiwa vya Lamu takriban mwaka 1858. Kwa kawaida huletwa darasani kama kielelezo cha mke mtiifu, na hoja hiyo ina msingi. Lakini linganisha na methali ya mgomba. Katika utendi huu msemaji ni mwanamke, Mwana Kupona binti Mshamu, na msikilizaji ni binti yake. Mama mgonjwa amechukua kalamu, akasimama penye nafasi ya mwalimu, akaacha wosia ambao umedumu zaidi ya karne moja na nusu. Mwanafunzi aweza kuukataa ushauri wake na bado akatambua kwamba mwenye kutoa ushauri hakuwa bubu.

Katika vitabu vilivyotahiniwa miaka ya hivi karibuni tumepiga hatua. Kigogo cha Pauline Kea, Chozi la Heri cha Assumpta Matei na Nguu za Jadi cha Clara Momanyi vyote vimeandikwa na wanawake, na katika Kigogo ni Tunu, msichana, anayeongoza umma kuupinga uongozi dhalimu wa Majoka. Hata hivyo maswali yetu hayajabadilika sana. Bado tunauliza, "Jadili nafasi ya mwanamke katika riwaya hii." Ni mara chache mno tunapouliza kuhusu nafasi ya mwanamume. Kwa swali hilo la upande mmoja tunawafundisha vijana kwamba mwanamke ni suala linalohitaji maelezo, naye mwanamume ni hewa: yuko kila mahali na haonekani. Mtahini atakayeuliza jinsi mwandishi alivyowasawiri wanaume atashangazwa na majibu atakayoyapata, hasa kutoka kwa wavulana.

Sipendekezi tuunde Kiswahili kipya, wala sitaki polisi wa maneno wapite darasani. Lugha haibadilishwi kwa amri, na waliojaribu wamejionea. Ninapendekeza mambo machache yaliyo katika uwezo wa mwalimu aliye na chaki tu mkononi. Katika mifano ya ubaoni, Juma apike na Asha aendeshe trekta, bila mwalimu kutangaza kwamba ameleta mapinduzi. Neno "wa kike" lifutwe katika insha pale ambapo halina kazi. Tofauti kati ya kosa la sarufi na ukiukaji wa desturi ifafanuliwe waziwazi. Na somo la kauli ya kutendwa, ambalo kila mwanafunzi hulipitia, lipewe zoezi moja la ziada.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Mwalimu aandike ubaoni: "Msichana ametungwa mimba, ameacha shule." Kisha awaambie wanafunzi, "Andikeni upya sentensi hii katika kauli ya kutenda." Hakuna atakayeweza kufanya hivyo bila kwanza kumtafuta mtu mmoja aliyekosekana. Watanyamaza kidogo, watatazamana, na huenda katika darasa hilo yumo anayemjua.